Leseni Namba Kumi ya Aune Lahti

Ndugu waombolezaji, mimi ni Arvo, mdogo wake marehemu, na nimepewa kazi hii kwa sababu bintiye, Sylvi, amesema sauti haitamtoka.

Dada yangu Aune alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika shamba la wazazi wetu hapa Kivela, akasoma hapa hapa hadi 1967, akafanya kazi katika jiko la hospitali, na mwaka 1974 akaenda Portland, katika jimbo la Oregon, kusomea udaktari wa tiba asilia, miaka minne mizima, akipasua maiti na kukariri mifupa kama madaktari wengine, jambo ambalo baba hakuliamini mpaka alipoonyeshwa cheti.

Alifaulu mtihani wa Oregon mwaka 1978, akarudi nyumbani, lakini jimbo letu halikuwa na sheria ya kumpa leseni, kwa hiyo kwa miaka thelathini na minane alishauri watu kuhusu chakula na tiba ya maji, bila ruhusa ya kuagiza hata kipimo cha damu, na aliyemwita daktari alikemewa, "Usinitafutie kesi!" Mwaka 1981 aliolewa na Reino Lahti, fundi wa kiwanda cha mbao, wakajaliwa Sylvi mwaka 1983, na Reino alitutoka mwaka 2009.

Kila bunge la jimbo lilipokaa, Aune alikuwa mlangoni na mkoba wake, na Aprili 2016, sheria ilipokaribia kupita, mbunge mmoja akapendekeza wakongwe wapewe leseni bila kufanya mtihani mpya wa taifa. Mkongwe alikuwa mmoja tu, naye akasimama mbele ya kamati akauliza, "Wagonjwa watajuaje kama bado najua?" Nilimvuta koti aketi, hakuketi, na sheria ikapita bila msamaha huo.

Agosti akafanya mtihani, akiwa na miaka sitini na saba, akaanguka somo la dawa za hospitalini, huku vijana tisa wakifaulu, wawili kati yao walijifunzia kwake. Alilia siku mbili, nami, nasema kwa aibu, nilimwambia, "Umejitakia mwenyewe." Siku ya tatu alikuja kwangu na kadi mia nne za maswali, akasema, "Niulize." Nilimuuliza hata ndani ya sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, kadi zikajikunja kwa mvuke, na Februari 2017 akafaulu, akapewa leseni namba kumi, nyuma ya wanafunzi wake, akacheka mpaka akakaa chini.

Oktoba 2023 aliona kwenye kioo macho yake yamekuwa ya manjano, akampigia Sylvi, "Njoo twende hospitali, hii si ya sauna," ikagundulika saratani ya kongosho, akafariki nyumbani kwake tarehe 9 Januari 2024.

Tunamshukuru Daktari Pamela Ostby na wauguzi wake, majirani kwa supu ya samaki na mikate, na wale vijana tisa, ambao sita kati yao wamebeba jeneza leo.

Bodi ya leseni ya jimbo humtaka kila mwenye leseni asome saa kadhaa kila mwaka, na Desemba, akiwa kitandani na dripu mkononi, Aune alimaliza zake huku Sylvi akimshikia kompyuta. Nilipomuuliza za nini, alijibu, "Mwaka haujaisha." Barua ya bodi imefika jana, na inasema amekubaliwa mwaka mwingine mzima.

Pumzika vyema, dada yangu, leseni yako iko hai.