Jina Ambalo Shangazi Alilikuta Melini

Marehemu shangazi yangu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kitinda mimba wa fundi saa, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la baba yake. Alisoma hadi kidato cha nne, kisha kwa miaka thelathini na mbili akajalidi vitabu katika idara ya nyaraka za bandari. Hata siku ya harusi yake, mwaka 1979, vidole vilinuka gundi. Mumewe, mchapaji, alitangulia mbele ya haki. Hawakujaliwa watoto. Jina la ukoo hakuliacha alipoolewa. Alilipenda kupita kiasi.

Mwaka 2016, akiwa amestaafu, alianza kulitafuta jina hilo katika orodha za abiria wa meli. Baba wa babu yake, yule wa kwenye picha sebuleni kwetu, mwenye vidole vitatu mkono wa kushoto, alipanda meli mwaka 1897 kwa jina jingine kabisa. Karani aliviandika hata vile vidole. Jina letu lilikuwa la abiria mwenzake. Mwenzake huyo alifia safarini, na wa vidole vitatu akashuka na karatasi zake.

Daftari la maulizo lilionyesha kwamba mke wa yule aliyefia safarini, mtoto mgongoni, alikuja bandarini mara tatu. Mara zote karani aliandika: "Ameambiwa mumewe ameshuka salama." Shangazi aliinakili mistari hiyo yote mitatu.

Alipotueleza, baba yangu, ambaye ndiye kaka yake, alisema, "Mdogo wangu, unamwaga mtama penye kuku wengi."

"Kaka, huu si mtama. Ni mzoga, na tumekula nao meza moja miaka mia na ishirini."

Wiki hiyo hiyo baba aliitia picha ile ya sebuleni fremu mpya. Inanitia kinyaa kulisema hili, lakini shangazi aliniagiza nilisome mbele yenu.

Miaka miwili alimtafuta mjukuu wa mwanamke yule, akamkuta fundi cherehani wa miaka themanini na mbili. "Babu yako hakumkimbia bibi yako," alimwambia mlangoni. "Alikufa akimfuata. Sisi tulimwibia jina."

"Bibi alikufa akimlaani," yule mama alisema, kisha akamvutia kiti.

Januari 2021 shangazi aligundulika ana saratani ya ini. Baba alituma ujumbe: atakuja kumwona akifuta maneno yake. Hakuyafuta, na baba hakuja. Shangazi alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 8 Juni.

Ameacha kaka mmoja, aliyeketi hapa mbele, watoto sita wa kaka huyo, na yule mama fundi, aliyemshika mkono hadi mwisho. Kibao cha kaburi hakina jina la ukoo, kama alivyotaka.

Alale salama, kwa jina lake mwenyewe.