Kitabu Juu Chini

Vita ya Hitla ilikuwa imekwisha, ila waliorudi walikuwa hawajamaliza kuisimulia. Pale Ndandalo, kando ya njia ya kwenda Kyela, watu walikalia mtumbwi mkuukuu, wakanywa kahawa ya Tomasi na kukata mashauri ambayo hata bomani Tukuyu yasingefika. Lazaro aliitwa Keya, jina la jeshi la Mwingereza, kwa sababu alipigana nalo Bama. Eliud aliitwa Karani, ingawa mahakamani alikuwa akifagia tu. Lutengano, mkulima wa mpunga, hakuwa na jina la kijiweni. Yeye huja kusikiliza. Asubuhi hiyo alikuja na aibu yake.

Jana yake, baada ya ibada, mashemeji walikuja kula. Lutengano akampa bintiye Anyisile kitabu cha nyimbo awasomee. Mtoto akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza kichwa chini, akasoma bila kukwama. Wageni wakacheka mpaka wakasahau wali. Shemeji mkubwa, ambaye kusoma anajua, alidhani amekariri, akamfungulia ukurasa mwingine. Akausoma vilevile, juu chini. Walipomnyooshea kitabu, akanyamaza kama hajapata kuona herufi.

— Jambo dogo hilo, akasema Karani. Herufi zimemwingilia jicho la kushoto, na jicho la kushoto hutazama nyuma. Ndiyo maana wahenga wakasema, mficha uchi hazai.

Hakuna aliyeuliza uchi umeingiaje hapo, kwa kuwa Keya alishadakia. Alisema huko Bama walikamata barua za Wajapani, maandishi yanashuka toka juu kama mvua. Kila taifa lina mwelekeo wake, na huyu mtoto amedakwa na mwelekeo wa watu.

— Samaki mkunje angali mbichi, akamalizia. Huyu wamemkunja kinyume.

Tomasi, huku akimimina, aliuliza kama mtoto alizaliwa akitanguliza miguu. Lutengano akajikuta anaikumbuka siku ile, asipate jibu, maana wakunga walimfukuzia nje. Karani akakubali habari ya miguu, akaongeza kwamba mlango wa shule unatazama mto Songwe. Maneno yanatoka ng'ambo, Nyasalandi, na kitu kikivuka maji hufika kimepinduka. Dawa ni kumvusha mtoto akasomee kule. Keya akasema safari ya nini, asimamishwe kwa kichwa kila asubuhi, atazoea.

Lutengano alicheka nao, lakini rohoni kulikuwa kuzito. Kanisani yeye hushika kitabu cha nyimbo na kuchezesha midomo tu, miaka yote hiyo. Alitaka nyumbani kwake awepo mtu mmoja asiyebahatisha. Sasa mtu huyo amekuwa kichekesho, na huko shambani mpunga umeanza kutoa masuke.

— Namtoa shule, akasema. Akaamie ndege, wasile mpunga. Ndege hawamcheki mtu.

Wote wakakubali kwa vichwa, kama wazee wa baraza.

Mwanamke wa Kikisi aitwaye Neli alikuwa ametua vyungu vyake hapo, akinywa kahawa kabla ya kwenda sokoni. Akamrudishia Tomasi kikombe na kumshukuru.

— Ndaga fijo, kaka. Ila samahani, baba zangu, nauliza. Huko darasani mtoto anakaa wapi?

Shule ilikuwa karibu kiasi kwamba watoto walisikika pale wakiimba ba, be, bi, bo, bu, lakini hakuna hata mmoja wa wanaume wale aliyewahi kuingia ndani yake.

— Sijui, mama, akasema Lutengano. Akaondoka.

Shule ilikuwa banda la mianzi. Mwalimu Anyosisye alikuwa amechuchumaa katikati, kitabu kimoja kimewekwa juu ya mkeka, watoto wamekizunguka kama sahani ya ugali. Wa upande wa mwalimu walikiona kimenyooka. Anyisile alikuwa ng'ambo, akikitazama kutoka kichwani.

— Kitabu tunacho hicho hicho, mzee, akasema mwalimu. Wanaowahi hukaa huku kwangu. Binti yako huwa wa mwisho, maana huteka maji kwanza. Ila kwa kusoma, hapa hakuna anayemfikia.

Lutengano alivua kofia, akaketi mkekani kando ya bintiye, upande ule ule uliopinduka. Mwalimu akaonyesha neno kwa unyasi.

— Baba, akasoma Anyisile.

Lutengano akauliza, kwa sauti ya chini, ni wapi hapo palipoandikwa baba. Mtoto akakishika kidole chake kigumu, akakiweka juu ya herufi.

— Hii ba, tata, akasema, akimwita baba kwa lugha ya nyumbani. Na hii ba tena.

— Ba, akasema Lutengano. Ba.

Watoto wakacheka, naye akacheka pamoja nao.

Kesho yake alfajiri watu wa kijiweni walimwona Anyisile akipita mbio kwenda shule, mikono mitupu. Nyuma yake, kutoka mtoni, akatokea Lutengano, mwanamume mzima, mtungi wa maji begani. Tomasi akasahau kumimina. Keya akasema ni nadhiri. Karani akasema ni ugonjwa wa mgongo, anaujua, wahenga wameusema. Lutengano akawaamkia vizuri, maji yakimdondokea shingoni, akapita.