Swaumu Athuman, Fundi Aliyekataa Kusema Breki Ni Nzima

Wasikilizaji wapendwa, uliyeko Segera, Mombo au Handeni mjini, tulia kidogo unisikilize. Leo tunamkumbuka Swaumu Athuman, fundi wa breki za skuta pale Korogwe. Narudia: Swaumu Athuman, fundi wa breki. Amefariki Jumatatu, kwao Misima, akiwa na miaka hamsini na mbili.

Swaumu alizaliwa kwa wakulima wa mahindi. Gereji aliingia kwa kuosha vipuri, wanaume wakamcheka. Alikaa kwenye skuta iliyosimama, akafumba macho, akabonyeza mikono ya breki. Wa kulia ni wa mbele: huo aliutaka ukaze mapema, uwe mgumu kidoleni. Wa kushoto ni wa nyuma: huo ukubali kidogo, ndipo ushike. Baada ya miaka miwili, waliomcheka wakawa wanamwita aje kuhakikisha kazi zao.

Siku moja mfanyabiashara mmoja akaleta skuta sita kuukuu. Zilikuwa za kukodishwa kwa wahudumu wa afya wanaokwenda Mazinde. Swaumu akabonyeza breki ya mbele ya kila moja. Mkono ulikwenda laini mpaka ukagusa mpini. Zote sita.

"Fundi, andika ziko sawa, watu wanasubiri," tajiri akasema.

"Kwenye mafuta ya breki mna hewa, na mipira ya ndani ya breki imekufa. Siandiki."

"Mafundi wamejaa Korogwe hii."

"Waite. Na wazipande wao kwanza."

Tajiri akatoka kwenda kumtafuta fundi mwingine. Swaumu akachukua spana, akafungua mikono ya breki ya mbele, yote sita. Akaifunga kwenye kitenge, akaenda nayo nyumbani.

Wasikilizaji wapendwa, tajiri alimshtaki kwa wizi, na polisi wakamfuata. Kituoni aliogopa, mumewe anasema hivyo, lakini kile kitenge hakukiachia. Akaomba skuta moja iletwe. Akarudisha mkono mmoja mahali pake, akamwambia askari wa zamu, "Afande, bonyeza wewe."

Askari akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Mbona inakwenda yote?"

"Sasa fikiria uko mteremkoni, na nyuma umembeba mama mjamzito."

Skuta zile hazikutoka mpaka zilipotengenezwa. Pendo, mmoja wa wahudumu wale, ametuambia: "Siku ile nilimkasirikia kwa kunichelewesha. Wiki iliyofuata ng'ombe walinikatia barabara karibu na Mazinde. Nilibonyeza, skuta ikasimama. Nilikaa pale nikalia."

Mwaka juzi Swaumu akapata kiharusi. Mkono wa kushoto ukafa, ule ule wa breki ya nyuma. Ndugu wakamwambia apumzike, amefanya kazi ya kutosha. Akawajibu, "Umekufa mkono. Mimi nipo." Mumewe, mzee Ukasha, hakuwahi kushika spana maishani mwake. Akaacha jembe, akawa anakaa yeye kwenye skuta.

"Unasikiaje?" Swaumu alimuuliza.

"Inashika."

"Sijakuuliza kama inashika. Inaanzia wapi?"

"Kama robo hivi."

"Achia polepole. Inarudi yenyewe?"

"Inasitasita."

"Waya una kutu. Utoe."

Mzee Ukasha anasema: "Tumeoana miaka ishirini na sita. Sikujua vidole vya mke wangu vinasikia mambo mengi hivyo. Mwanzo alinigombeza sana. Baadaye akawa ananyamaza, nikajua nimepatia."

Walifanya kazi hivyo mpaka mwezi uliopita. Mke akiuliza, mume akibonyeza. Skuta iliyokuwa mbovu haikutoka, hata mwenyewe apige kelele namna gani.

Kwako mzee Ukasha, kwa wanao, na kwa ndugu wote wa Misima, poleni sana. Mwenyezi Mungu ampokee Swaumu, awape ninyi nguvu. Spana zake sasa anazo Ukasha, na gereji ameifungua leo asubuhi.

Na wewe unayenisikiliza, uwe fundi, karani au muuguzi: huenda kesho mtu atakusimamia kichwani akikuharakisha useme kibovu ni kizima. Utakuwa na hofu. Swaumu naye alikuwa nayo. Kataa hivyo hivyo, ukiwa na hofu yako.