Kache na Mifupa Miwili

Tarehe 30 Juni mwanangu Kache Kaingu anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne katika maabara ya kituo chetu cha afya hapa Garsen. Muuguzi Esha Buya aliniomba niandike mimi, maana wenzake wanamjua kazini tu. Mimi nilimzaa. Nikijisifu, mnivumilie.

Damu ya Garsen nzima imepita mkononi mwake. Wafugaji, wakulima, makanga wa mabasi ya Lamu, wote amewadunga kidole na hakuna aliyelia, isipokuwa Molu mwenye bucha, na huyo huchinja kila siku.

Lakini mimi namsifia mifupa. Wakati wa Korona, wazee wa kijiji cha Chara walikataa chanjo. Mzee Gona alikunja mkono wa shati akaonyesha kovu la chanjo yake ya utotoni, akasema hiyo yamtosha, watoto wa siku hizi wasimchoshe. Kache hakubishana. Alikwenda kwa Molu akarudi na mifupa miwili, wa ndama na wa ng'ombe mzee, akaipasua mbele yao. Uboho wa ndama ulikuwa mwekundu. Wa ng'ombe mzee ulikuwa mweupe, mafuta matupu. Akawaeleza kwamba askari wa mwili huzaliwa kwenye ule wekundu. Umri ukienda, mafuta huchukua nafasi, na askari wanaopungua zaidi ni wale wa kujifunza adui mpya. Ndiyo maana mzee anahitaji chanjo. Gona akauliza, je, akila uboho wa ndama, wake utarudi? Kache akamwambia ale tu, ni mtamu, lakini mkono alete. Akachanjwa wa kwanza.

Mwaka jana niliugua kifua bila homa. Wote walisema ni uchovu. Kache akasema mwili wa mzee waweza kushindwa hata kuwasha homa, akanipeleka hospitali ya Malindi siku hiyo hiyo. Ndiyo maana leo naandika.

Sasa yeye ana sitini. Kikohozi cha masika kilimkalia mpaka mvua ikaisha, na kazini alikwenda. Nasikia anapanga kurudi maabara kila Jumanne kusaidia. Hapo roho yangu haitulii. Aliyetufundisha sote habari za mifupa amesahau kwamba na yeye anayo.

Basi nimemwagiza Molu mfupa wa ng'ombe mzee. Utakuwa mezani siku ya sherehe, kando ya keki. Akiuliza ni wa nini, nitamwambia ndio sisi wawili.

Asanteni nyote mliofanya kazi naye mkamtunza. Mwanangu, tunakuombea siku nyingi zenye afya, na hizo Jumanne nipe mimi.