Sauti ya Ticha Iliyobaki Kwenye Tableti

Dada yetu, ambaye hata majirani walimwita Ticha, alizaliwa tarehe 9 Juni 1978, kifungua mimba wa mama yetu. Ualimu aliuanza utotoni: sisi wadogo zake tulinyimwa maji mpaka tuyaombe kwa Kiingereza. Mimi ninayewasomea wasifu huu nililala na kiu mara nyingi.

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 2001. Mwaka 2004 aliolewa na shemeji yetu, fundi seremala, wakajaliwa mabinti wawili.

Alifundisha Kiingereza sekondari. Wanafunzi wake waliogopa kuchekwa, wakawa mabubu darasani. Shule ilipopata tableti, alimgeuza kila mmoja atazame ukuta, hedifoni masikioni, azungumze na sauti ya mwalimu wake. "Ukuta haucheki," aliwaambia. Masomo aliyarekodi nyumbani, amejifungia kabatini katikati ya makoti ili mwangwi usiingie. Shemeji alilalamika kwamba suruali zake sasa zinajua Kiingereza kumshinda yeye.

Mwaka 2022 sauti yake ilianza kukwaruza. Tulimsihi aende hospitali. Akasema amalize kwanza kurekodi masomo ya kidato cha nne, watoto wana mtihani. Alimaliza. Inaniuma kusema, lakini nasema: kumaliza kule ndiko kulikotuponza. Ilikuwa saratani ya koo, na Februari 2023 madaktari waliondoa kisanduku cha sauti. Tangu hapo alizungumza nasi kwa kuandika kwenye simu. Mama hajui kusoma. Wakabaki kushikana mikono tu, mama na mwanawe.

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024.

Juzi mama aliomba kuisikia sauti ya mwanawe. Tulipekua simu zote, hola. Dada alikuwa mtu wa kupiga simu, si wa kututumia sauti za kurekodi. Tukaazima tableti shuleni. Ticha akauliza kwa Kiingereza, kama alivyoanza kila somo, hujambo leo, kisha akanyamaza kidogo ili mwanafunzi ajibu. Mama akauliza anasemaje. Nikamwambia anakujulia hali, nikairudisha rekodi nyuma ili amwulize tena.

"Mimi si mzima, mwanangu," mama akamjibu.

Na sauti, kama ilivyorekodiwa, ikamwambia vizuri sana, tuendelee.

Ameacha mume, mabinti wawili, wadogo watatu, na mama, ambaye mpaka tunatoka nyumbani leo hajakubali tableti izimwe. Apumzike yeye kwa amani. Sisi bado hatujaipata.