Bi Hind binti Hamed, Aliyetaka Kupita Mlandege Wima

Assalaam alaykum. Kwa niaba ya familia, Amour bin Hamed, kaka wa marehemu, anawasomea historia hii kama marehemu mwenyewe alivyoipitisha, mwisho wake tu tukiuongeza sisi baada ya maziko, na hakuna neno litakalorukwa, hata mkikohoa.

Bi Hind alizaliwa Mbweni tarehe 4 Machi 1962, akasoma hapa hapa mjini hadi kidato cha nne, akafundisha hesabu tangu Januari 1983, na tarehe 12 Oktoba 1985 akaolewa na Bwana Qais, mwenye duka la vitambaa katika mtaa wa maduka wa Mlandege, wakajaaliwa binti mmoja, Reem, mwaka 1988.

Mwaka 1992 mguu wa kushoto ulianza kumwia mzito, macho yakaona ukungu, na mkesha wa Idi ya 1994 akaanguka mbele ya duka la mumewe, watu wamejaa tele, wifi yake Bi Bahiya akatangaza kwamba kalewa, mji ukalipokea neno hilo kwa mikono miwili, na Bwana Qais, aliyejua fika kuwa mkewe hajapata kuonja ulevi, akampa talaka Idi haijesha, ati kulinda heshima ya duka.

Madaktari wa Muskat, Juni 1997, waligundua maradhi ya mishipa ya fahamu, ya aina inayozidi tu bila kurudi nyuma. Mwaka 2001 ikasikika dawa mpya imeidhinishwa ng'ambo kwa aina hiyo, Bi Hind akauliza kama itamrudishia miguu, daktari akajibu kwamba pengine itapunguza kasi tu, tena huenda ikauumiza moyo, naye akasema, "Siombi kukimbia miye, nataka nipite Mlandege mara moja, wima, wanione." Alidungwa, akatumaini, miguu haikurudi, na kama dawa ilimwongezea siku au la, hakuna aliyeweza kutuambia. Alifariki kwa homa ya mapafu tarehe 9 Agosti 2003.

Kwa wasia wake, jeneza halikufuata njia fupi, lilipita Mlandege, maduka yakafungwa, watu wakasimama, na Bwana Qais alipotoka kutia bega kama wenziwe, Amour aliuondoa mkono wa bwana huyo jenezani mbele ya kadamnasi, na hajutii.

Tunawashukuru madaktari waliomwambia kweli, majirani waliombeba ngazini, na walimu wenzake. Ni desturi familia kuwaomba mliohudhuria mumsamehe marehemu, nasi tunaomba, kwa kila ambaye marehemu alimkosea. Ama waliomwita mlevi, mlango wake ulikuwa wazi miaka tisa, hawakuja, na radhi yake hakumwachia mtu aitoe kwa niaba yake.

Lala kwa utulivu, Bi Hind.