Mama Gare na Njia Isiyojibu

Ninyi mliopita barabara inayoogopesha ili kufika hapa Butembo, familia inawaomba mkae, mvute pumzi, msikilize maisha ya mpendwa wetu.

Ngalula Symphorose alizaliwa tarehe 3 Mei 1977 huko Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, katika nyumba ya gare, stesheni ndogo iliyokuwa mwisho wa tawi la reli, ambako baba yake, mzee Ignace, mtu wa Kasai, alikuwa chef de gare, mkuu wa stesheni. Treni ilileta watalii waliotaka kuoga ziwani, nao wakati wa kurudi walimzonga mzee kwa haraka zao, lakini hakuinua bendera ya kijani kabla gare ya mbele haijajibu kwa simu kwamba njia iko wazi, na isipojibu treni ililala palepale, hata kama ndani yake alikuwamo mkubwa wa serikali. Hivyo Ngalula, tangu utoto, alijifunza kuogopa simu inayolia bila kupokelewa.

Alisoma Kalemie hadi diplome ya serikali mwaka 1995, kisha vita vikafika ziwani, treni zikanyamaza, baba akafariki, naye akaenda kusoma chuo kikuu Kisangani, akahitimu mwaka 2002. Huko alikutana na Mumbere Anselme, mwana wa Butembo, wakafunga ndoa hapa mjini tarehe 28 Juni 2003, Mungu akawajalia watoto wawili, Grady na Bénie.

Mwaka 2006 serikali ilimtuma Beni, kwenye bureau, ofisi ya uchukuzi, akapewa kusimamia parking, kituo cha magari yaendayo Mbau na Oicha. Mauaji yalipoanza kando ya barabara ile, alirudisha sheria ya baba yake, kwamba gari haliondoki mpaka mtu anayejulikana, aliyesimama Mbau kwa miguu yake, ajibu kwa sauti yake mwenyewe. Madereva wakamwita Mama Gare, na mwanzoni jina hilo halikuwa la heshima. Asubuhi moja ya mwaka 2019, Mbau ilipokuwa haijibu, dereva Kahongya alimwambia mbele ya abiria, "Mama Gare, huku kwetu reli hapana, unatukamata ya nini?" Naye akamjibu, "Reli hapana, mwanangu, lakini kufa iko. Kunywa kwanza chai." Watu walicheka, dereva mwingine akachoka kungoja, akapita kando ya kizuizi na gari lake likiwa limejaa. Gari hilo halikufika Mbau. Kahongya hakumaliza chai yake, na tangu siku ile hakuwasha gari bila kumtazama Ngalula kwanza.

Mwaka huu moyo wake ulianza kuchoka, miguu ikavimba, akawa analala ameketi. Tarehe 10 Novemba 2025 waganga wa hospitali ya Beni waliandika transfert, karatasi ya kumhamishia Butembo, wakasema saa zina thamani. Kahongya alileta gari lake, ndani wakaingia mgonjwa, mume wake, Bénie na muuguzi, kisha akampigia simu mama Kavuo, muuza nyanya wa Maboya, kijiji kilicho katikati ya njia ya Butembo. Simu ililia, haikupokelewa. Kahongya alikaa na ufunguo mkononi, mume akimtazama mke wake akitafuta pumzi, wala hakuna aliyethubutu kusema twende au tungoje. Ngalula alifungua macho, akauliza, "Maboya imejibu?" Bénie akamwambia, "Bado, mama." Akainua kiganja, kama baba yake alivyosimamisha treni, akakiacha hapo juu mpaka Bénie alipokishusha.

Jioni mama Kavuo alijibu kwa mnong'ono, akiwa amejificha shambani, kwamba watu wenye silaha walikuwa kwenye kona wakisimamisha magari, na sasa wameingia msituni. Gari likaondoka. Ngalula alifika Butembo akiwa hai, akafariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025. Kama zile saa zingemponya, waganga hawakuweza kusema, na familia haiulizi tena. Inajua tu kwamba wote waliokuwa naye garini wako hapa leo.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi wa Beni na Butembo, majirani waliopika na kukesha, wafanyakazi wenzake wa bureau, madereva wa parking, na mama Kavuo, ambaye tungependa awe hapa.

Wageni wa Beni, Kahongya amesimama mlangoni na simu. Maneno haya yalipokuwa yakiandikwa, Maboya ilikuwa haijajibu. Tunawaomba mkae, chakula kipo, vitanda vitapatikana, mtu asiondoke.

Wewe peke yako, Ngalula, ndiwe uliyekwisha kujibiwa. Nenda, mama, ukapumzike kwa amani.